Historia ya Ufa

Tarehe 12 Aprili 1981 Marekani ilirusha chombo cha anga cha Columbia kwa mara ya kwanza. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, ilhali wakati wa kurudi duniani tumbo la chombo lilitarajiwa kupigwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Kwa hivyo walikivisha vigae vya kauri, zaidi ya 30,000, kila kimoja kimechongwa kwa kipimo chake na kubandikwa kwa mkono. Hata baada ya kazi yote hiyo, vigae 16 vilibanduka kwenye safari hiyo ya kwanza.

Miezi minne baadaye, Agosti 1981, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya miaka ya 70, na wataalamu walikuwa wameanza kugundua kitu ambacho kila mama wa Eastlands alikijua: kwamba nishati ya Mwafrika wa kawaida si petroli, ni kuni na makaa. Katika msimu huo ndipo kazi ya kutengeneza jiko jipya la makaa ilishika kasi Kenya. Wewe unalijua. Lina kiuno chembamba, mabati nje, udongo ndani.

Nikiwaambia watu kwamba Columbia na jiko la makaa ni hadithi moja, hucheka. Wacha nijaribu kueleza kabla nawe hujacheka.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Inasimuliwa kwamba muundo wake uliletwa na mafundi wa Kihindi enzi za ujenzi wa reli, halafu jua kali wakaumiliki, wakalitengeneza kwa madramu ya mafuta na mabati yoyote yaliyookotwa. Lilikuwa rahisi, jepesi, na fundi mmoja angeweza kupiga kadhaa kwa siku. Lakini metali ni kitu kinachopitisha joto haraka sana. Makaa yakiwaka, joto linatoka pande zote. Unapika ugali na wakati huo huo unapasha moto ukuta, sakafu na miguu ya watoto. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la makaa ndiyo iliyofika kwenye sufuria. Na chuma chenyewe kiliteseka. Chekecheke ya chini, pale makaa yanapokaa, ilikula moto mpaka ikawa magamba. Baada ya miezi michache inatoboka, unarudi kwa fundi.

Kuna mtu atasema, si ungetumia chuma kizuri zaidi. Ndiyo, kipo. Aloi za chuma zenye kromiamu na nikeli hustahimili moto miaka na miaka, na ndizo zinazotumika kwenye matanuri ya viwandani. Bei yake sasa. Jiko la mama mboga haliwezi kugharimu kuliko mboga za mwezi mzima.

Jibu lilikuwa limeshapatikana Asia. Watu wa Thailand walikuwa na jiko la ndoo: ndoo ya bati, na ndani yake chungu kinene cha udongo wa kuchomwa kuanzia juu hadi chini. Udongo hushika joto mahali pake. Anayetajwa sana kama mbunifu wa jiko letu, Max Kinyanjui, alianzia kwenye wazo hilo, chini ya mradi wa nishati mbadala wa Wizara ya Nishati uliofadhiliwa na Wamarekani kupitia USAID. Mashirika ya hapa, KENGO likiwa mbele, yalibeba kazi ya kufundisha mafundi na kutangaza jiko.

Ukisoma ripoti za miaka hiyo utadhani kazi ilikuwa kuchukua ndoo ya Thailand na kuiga. Haikuwa hivyo, na sababu ni ufa.

Udongo uliochomwa una nguvu ya ajabu ukiubana. Ubebeshe mzigo, utabeba. Lakini ukiuvuta ni dhaifu, haunyumbuliki hata kidogo. Sasa fikiria bakuli la udongo ndani ya jiko. Upande wa ndani umegusana na makaa mekundu, pengine nyuzi 800 au zaidi. Upande wa nje bado ni baridi kwa sababu jiko limewashwa dakika kumi zilizopita. Ndani kunataka kupanuka, nje hakutaki. Matokeo ni kwamba upande wa nje unavutwa, na kuvutwa ndiko udongo hauwezi. Ufa unaanza sehemu ndogo sana, labda penye kijiwe au kiputo cha hewa, halafu unakimbia. Wahandisi wanaita hali hiyo mshtuko wa joto. Halafu mtu anaweka sufuria ya lita kumi juu, anashika mwiko, na anaanza kusonga ugali kwa nguvu za mabega yote mawili. Ndoo ya Thailand haikuundwa ikimfikiria mtu anayesonga ugali. Kule sufuria hukaa juu ya vidole vya udongo vilivyo sehemu ya chungu chenyewe.

Mimi nilisomea uhandisi wa mitambo miaka miwili, mpaka karo ikaisha kabla ya masomo. Somo la sifa za vifaa nililipenda kuliko yote. Mifano yote iliyotolewa darasani ilikuwa ya mbali: mapanga ya injini za ndege yaliyotengenezwa kwa aloi za nikeli, breki za magari ya mashindano, vigae vya Columbia. Sina ubaya na mifano hiyo, na ndiyo maana nimeanza na mmoja. Ila nilikuwa nikirudi Masinga likizo, nikimkuta susu, mama ya mama yangu, amekaa nyuma ya jikoni na rundo la udongo, na anafanya kitu ambacho kwenye daftari langu kilikuwa na jina refu.

Wafinyanzi wa Ukambani ni wanawake, tangu zamani. Gerhard Lindblom, Msweden aliyeishi na Wakamba karibu mwaka wa 1911 na kuandika kitabu kikubwa kuwahusu, alikuta kazi imegawanywa hivyo: wanawake udongo, wanaume chuma. Susu hatumii gurudumu wala tanuri. Anachoma vyungu nje, juu ya ardhi, kwa matawi makavu na nyasi. Na hatumii udongo mtupu hata siku moja. Anaponda mchanga, anaponda vigae vya vyungu vilivyovunjika, anachanganya. Nilimuuliza kwa nini asitumie ule udongo laini mzuri peke yake. Akaniambia, "Huo una kiburi. Ukiuweka motoni unapasuka hata kabla hujamaliza kutoa moshi. Lazima uuchanganye na kitu kilichozoea moto."

Kilichozoea moto. Kitaalamu maelezo ni haya: ufa unapokimbia ndani ya udongo laini, hakuna cha kuuzuia, unapita kama wembe kwenye karatasi. Ukikutana na chembe ya kigae kilichopondwa, unalazimika kuzunguka au unaishia hapo kwenye kitundu kidogo kando ya chembe. Chungu kinabaki na nyufa ndogondogo maelfu ambazo hakuna hata moja inayofika nje. Kigae kilichokwisha kuchomwa hakitasinyaa tena, kwa hivyo kinashikilia udongo mpya usijikunje ovyo ukikauka. Mchanga una hatari yake. Mchanga mwingi ni kwatsi, na kwatsi ikifika nyuzi 573 hubadilisha mpangilio wake na kuvimba ghafla. Ukitia mwingi, au chembe zikiwa kubwa, chungu kinajipasua chenyewe kutoka ndani. Susu hajui nambari 573. Anajua kuchekecha mchanga kwa kitambaa, na anajua kiasi.

Jambo jingine ambalo lilinishangaza nilipokuwa chuoni: kauri iliyochomwa kwa joto kali sana mpaka ikawa kama kioo, ile ya vikombe vya chai ya wageni, ni ngumu zaidi lakini haiwezi kabisa kukaa juu ya makaa. Chungu cha jikoni huvumilia kwa sababu kimechomwa kiasi, kina vitundu, kina uchafu. Vigae vya Columbia pia, karibu asilimia 90 ya kila kimoja ilikuwa hewa. Vilikuwa vyepesi kama povu lililokauka.

Basi turudi kwenye jiko. Njia iliyofuatwa hapa Kenya ilikuwa kupunguza udongo. Badala ya chungu kizima kutoka juu mpaka chini, bakuli likawekwa nusu ya juu tu, pale moto ulipo, na matundu yakatobolewa chini yake yawe chekecheke. Nusu ya chini ikabaki bati tupu la kushika majivu na kuingiza hewa. Hapo ndipo kiuno kilipotokea. Bati linaingia ndani katikati ili bakuli liwe na mahali pa kukalia, halafu linapanuka tena chini ili jiko lisipinduke ukisonga. Sufuria nayo ikaondolewa kwenye udongo ikawekwa juu ya vyuma vitatu vilivyofungwa kwenye ukingo wa bati. Mzigo na misukosuko yote ya mwiko ikaenda kwa metali, ambayo huvumilia kuvutwa. Udongo ukaachiwa kazi moja, moto.

Kati ya bati na bakuli wakajaza mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti. Hii vemikulaiti ni madini ya jamii ya ulanga. Ukiipasha moto inafumuka kama bisi na kuwa nyepesi, laini, isiyopitisha joto. Kenya tunayo, pale Kinyiki karibu na Mtito Andei. Na hapa ndipo ninapomrudia msomaji aliyecheka. Chuma hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya udongo wa kuchomwa. Ukivigandisha moja kwa moja, kimoja kitamvunja mwenzake. Lazima pawe na kitu laini katikati cha kumeza tofauti hiyo. Kwenye Columbia, aluminiamu ilipanuka kuliko kigae, kwa hivyo hawakugundisha kigae kwenye mwili wa chombo. Walitia kwanza kitambaa kinene cha nyuzi, kigae kikabandikwa juu yake. Walioenda angani na waliokaa Shauri Moyo walikuwa na tatizo moja, na wakafikia jibu la namna moja miaka ileile. Sisemi mmoja aliiba kwa mwingine. Nasema tu kwamba jibu la kwanza liliandikwa kwenye vitabu vya uhandisi, la pili likaandikwa kwenye ripoti za misaada.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mafundi wa bati walikuwa wengi, waliojua kuchoma bakuli vizuri walikuwa wachache. Mtu anachukua udongo wowote, anauchoma haraka haraka ili apate za kuuza Jumamosi, na jiko linapasuka wiki ya pili. Waliouziwa hayo hawakurudi. Ilibidi watengenezaji wa bakuli wafundishwe kama kazi tofauti: kuchagua udongo, kuchanganya, kutumia kalibu ili kila bakuli liingie kwenye kila bati, kukausha polepole kivulini, kuchoma kwenye tanuri. Kisha bakuli zikawa biashara yake, na bati biashara yake. Muundo haukufungiwa na mtu. Fundi yeyote angeweza kununua jiko moja, kulifungua kwa patasi na kuiga. Ndiyo sababu bei ilishuka sana kutoka ile ya mwanzo, na ndiyo sababu pia kulikuwa na takataka nyingi sokoni. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba zaidi ya majiko 700,000 ya namna hii yalikuwa yakitumika Kenya. Muundo ulishavuka mipaka ukaenda Uganda, Tanzania, Rwanda, Malawi, Ethiopia ambako unaitwa lakech, mpaka Senegal. Likitengenezwa vizuri, jiko hili hupunguza makaa kwa theluthi hadi nusu.

Kwetu Ukambani hiyo theluthi si nambari tu. Makaa mengi yaliyopikia Nairobi yalitoka kwenye vichaka vyetu. Kilo moja ya makaa katika tanuri la udongo la kienyeji hula kilo sita hadi nane za mti, wakati mwingine zaidi. Mwaka 2018 Kitui ilipopiga marufuku biashara ya makaa kwenda nje ya kaunti, watu wa Nairobi walilalamika bei. Sisi tulikuwa tunahesabu visiki.

Nimesema wanaume walikuwa na chuma. Nisipite hapo haraka, kwa sababu chuma cha kale nacho ni hadithi ya udongo. Wakamba walichota mchanga mweusi wenye madini ya chuma kwenye mito baada ya mvua, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na wakapata jina kwa mikufu yao ya waya mwembamba. Mvukuto lazima upitishe hewa hadi katikati ya moto, na kitu pekee kinachoweza kuingia pale ni mrija wa udongo. Ncha yake huyeyuka kidogo kidogo na kuwa sehemu ya mavi ya chuma. Kwa hiyo mhunzi anahitaji udongo utakaokufa polepole kuliko kazi inavyoisha.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Wahaya, mkoa wa Kagera, Tanzania. Miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, aliwaomba wazee waliokumbuka kazi hiyo tangu ujana wajenge tena tanuri. Kazi ilikuwa imekufa mapema karne ya 20 kwa sababu chuma cha Ulaya kilikuwa rahisi. Wazee walijenga, wakatia nyasi za kinamasi zilizounguzwa chini ya shimo, wakaingiza mirija mirefu ndani kabisa. Septemba 1978, Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science kwamba tanuri hizo zilitoa chuma chenye kaboni, yaani feleji, na kwamba mababu wa watu hao walifanya hivyo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba hewa ilipata moto ndani ya mrija kabla ya kufika kwenye makaa, na hivyo joto likapanda kuliko kawaida. Wataalamu wengine wa metali walikataa hoja hiyo. Wakasema mrija hauwezi kuipasha hewa joto kiasi hicho. Ubishi uliendelea miaka mingi.

Mimi naona habari ya feleji inatosha hata bila ile ya hewa moto. Chuma safi ni laini. Unaweza kukikunja kama waya wa kufungia. Kaboni kidogo, hata chini ya asilimia moja, inakibadilisha kuwa kitu cha kukatia. Ikizidi asilimia mbili kinaanza kuvunjika kama biskuti. Na kaboni yenyewe inatoka kwenye makaa. Mhunzi anayeweza kutawala kiasi hicho bila maabara anajua kitu, hata kama tunabishana kuhusu nyuzi.

Leo hakuna anayechota mchanga mweusi. Ukienda Wamunyu, hapa hapa Machakos, kwenye ushirika wa wachongaji ambao chanzo chao ni Mutisya Munge, aliyejifunza kazi hiyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, angalia tezo mikononi mwao. Niliyoiona ikitengenezwa ilikuwa springi ya lori. Fundi aliikata, akaipiga ikiwa nyekundu, akaizamisha, halafu akairudisha motoni kidogo mpaka rangi kama ya majani makavu ikapita kwenye makali, akaitoa. Ukiizamisha tu bila kuirudisha, makali yanakatika siku ya kwanza ukikutana na mpingo. Nilimuuliza alijuaje kuchagua springi. Akanijibu, "Buda, hiyo imebeba mawe ya Athi River miaka kumi haijavunjika. Unataka ushahidi gani mwingine?"

Na pale Athi River kwenyewe, kwenye viwanda vya saruji, kuna matanuri marefu ya chuma yanayozunguka, na ndani yake mawe hufika nyuzi 1,450 hivi. Chuma cha nje kingelainika kwa joto hilo. Kinachokiokoa ni matofali ya moto yaliyopangwa ndani, bati nje, udongo ndani. Unapita hapo kwa matatu kila siku ukienda Nairobi.

Kinachonisumbua ni jinsi tulivyohifadhi kumbukumbu hizi. Jiko liko kwenye faili ya nishati, au ya mazingira, au ya wanawake. Chungu kiko kwenye faili ya utamaduni. Tezo iko kwenye faili ya utalii. Faili ya vifaa, ya nani aligundua nini kuhusu nguvu ya udongo na chuma, haina mtu wetu. Matokeo yake si maneno tu. Sufuria za aluminiamu zilipokuja, vyungu vya susu vilipoteza soko, na sikumbuki mradi wowote uliokuja Masinga kumuuliza yeye na wenzake wanachanganya nini. Wenzake waliobaki wanaofinyanga ni wawili. Mmoja wao haoni tena vizuri.

Bakuli zinazouzwa saa hii soko la Machakos nyingi hazina alama ya mtengenezaji. Mwezi jana nilifungua jiko moja lililopasuka: kati ya bati na bakuli palikuwa na saruji tupu, hakuna vemikulaiti, imegandisha udongo na chuma pamoja kama mfupa. Fundi niliyemwonyesha alisema anajua, ila vemikulaiti ni gharama na mteja haioni.

Mteja anachoweza ni kusikiliza. Bakuli zima ukiligonga kwa sarafu linalia. Lenye ufa, hata usioonekana, linajibu kama mbao. Mama aliyekuwa mbele yangu aligonga matatu, akayarudisha, muuzaji akinuna. La nne akaligonga mara mbili, akauliza bei.